Rivabu ya nje (kifaa cha kuongeza mwangwi) kwenye miksa: mwimbaji kama yuko ndani ya bomba, feda (kitelezi cha sauti cha chaneli) ikishuka rivabu haishuki. Wataalamu nisaidieni

#1 Mshika_Feda

Wakuu, salamu. Hii ni wiki ya pili nahangaika na kitu kimoja, nimeona bora nikilete kwa wanaoshika mitambo kila siku.

Bendi yetu ina miksa ya analogi ya chaneli 12. Ina AUX nne, yaani njia za pembeni za kutolea sauti. AUX 1 na 2 ni za monita (spika za jukwaani), 3 na 4 zilikuwa zimekaa tu. Tumepata rivabu ya dijitali, ile bapa ya kufungwa kwenye raki, imetumika ila inawaka na kila kitufe kinaitikia. Nimeiunga hivi: kebo kutoka AUX 3 OUT inaingia INPUT ya kushoto ya rivabu, halafu OUTPUT zake mbili zinarudi kwenye chaneli ya 11 na ya 12. Meza ya mitambo imejaa, kwa hiyo rivabu yenyewe nimeilaza juu ya sabufa iliyo pembeni yangu. Natumia programu namba 37, inaitwa Plate, sijui maana yake lakini masikio yangu yameipenda.

Rivabu inasikika, siyo kwamba haipo. Matatizo ni haya.

La kwanza, nikifungua AUX 3 ya mwimbaji sauti yake inageuka. Inakuwa na shimo katikati, kama anaimbia ndani ya bomba la maji. Nikizima rivabu anarudi kuwa mzuri, ila mkavu.

La pili, nikishusha feda yake hadi chini, yeye anapotea lakini rivabu yake inabaki ikielea ukumbini kama mzimu.

La tatu ndilo linanitia aibu mbele za watu. Nikipandisha feda za 11 na 12 kupita nusu, unaanza mvumo "uuuuu", unakua taratibu mpaka nashusha kila kitu.

Kebo zote tatu nimebadilisha. Maiki nimebadilisha. Kilichoharibika ni rivabu au miksa?

#2 KeboNyeusi

Uza hiyo rivabu, tafuta miksa yenye efekti ndani, ulale usingizi.

#3 mzeewamitambo

Usiuze kitu, mdogo wangu. Kwa ulivyoeleza, hakuna kifaa kibovu hapo. Una makosa matatu tofauti yaliyokutana siku moja, na kila moja linaficha jingine, ndiyo maana unazunguka. Tuyatenganishe.

Tuanze na bomba. Rivabu yako ina sehemu ya kupima mchanganyiko, imeandikwa MIX au DRY/WET, ama kwa nobu (kirungu cha kuzungusha) ama ndani ya menyu. Nina hakika iko 50%. Maana yake rivabu inakurudishia vitu viwili: mwangwi iliouunda, pamoja na nakala ya sauti kavu uliyoipelekea. Lakini sauti kavu tayari unayo, inapita kwenye chaneli ya mwimbaji moja kwa moja. Sasa zimekuwa mbili, na ile ya pili imechelewa kidogo kwa sababu kifaa cha dijitali lazima kigeuze sauti kuwa namba, kizichakate, kisha kizirudishe kuwa sauti. Kwenye vifaa vingi ucheleweshaji huo ni milisekunde moja au zaidi kidogo.

Utaona milisekunde moja ni kitu gani. Mawimbi ya 500 Hz yanachukua milisekunde 2 kumaliza mzunguko mmoja, kwa hiyo ukiyachelewesha kwa 1 yanafika yamepinduka: moja linapanda, jingine linashuka, yanauana. Yanakufa tena kwenye 1500 Hz, tena 2500, tena 3500, hivyo hivyo kwenda juu. Ukichora grafu yake inaonekana kama meno ya kitana. Na humo ndimo sauti ya binadamu inamoishi. Bomba lako ndilo hilo.

Dawa: weka MIX 100% upande wa WET. Rivabu iliyoungwa kwa AUX inatakiwa irudishe rivabu tupu, bila hata tone la sauti kavu. Kiasi cha rivabu utakiamua kwa nobu ya AUX 3 ya kila chaneli na kwa feda za 11 na 12. Hiyo MIX ukishaiweka 100% isahau.

La mzimu: karibu na nobu za AUX 3 na 4 angalia kama kuna kitufe kidogo cha PRE/POST. Kikiwa PRE, sauti inachotwa kabla haijafika kwenye feda, kwa hiyo ushushe feda usishushe, rivabu inaendelea kula. Monita zinataka PRE, ili mwimbaji asipoteze sauti yake jukwaani kila unapogusa feda ya ukumbini. Rivabu inataka POST, ili mtu akishuka na mwangwi wake ushuke naye.

La mvumo naomba kwanza ufanye jaribio dogo. Zima maiki ZOTE, siyo kushusha, zima kwa MUTE. Kisha pandisha 11 na 12 kama ulivyofanya. Uniambie kama mvumo unakuja au hauji. Jibu langu linategemea hilo.

#4 sautikavu

Mzee kamaliza, ila hilo la POST nisilifanye sheria. Mimi kuna nyimbo naiweka PRE makusudi. Mwisho wa wimbo nashusha feda ya mwimbaji taratibu na kuacha rivabu yake, anasikika kama anatembea kwenda mbali mpaka anazama. Watu husisimka.

#5 mzeewamitambo

Sawa kabisa, na mimi nimewahi. Lakini wewe unajua kwamba kitufe kiko PRE. Yeye alikuwa hajui kama kipo.

#6 BinTarumbeta

Samahani kuingilia uzi wa watu, ila mambo ya rivabu yamenigusa. Yangu ni kinyume. Nacheza ala zilizorekodiwa kutoka laptopu, na baadhi ya nyimbo zina sauti ya mwitikio ndani yake. Nikiunga laptopu kwenye miksa, sauti ya katikati inapotea KABISA, inabaki rivabu yake tu na vyombo vya pembeni! Besi nayo inakonda. Kwenye hedifoni wimbo uko mzima. Na sina kifaa chochote cha rivabu. Nimechanganyikiwa.

#7 mzeewamitambo

Haha, hiki ni kisa ninachokipenda kuliko vyote. Wacha nikisie: kebo yako ina plagi ndogo ya stirio upande wa laptopu, na upande wa miksa ina plagi MOJA kubwa yenye mistari miwili myeusi. Umeichomeka kwenye jeki ya LINE ya chaneli moja.

#8 BinTarumbeta

Umejuaje??

#9 mzeewamitambo

Plagi yenye mistari miwili ina sehemu tatu: ncha, pete na mkono. Kwenye stirio, ncha inabeba kushoto na pete inabeba kulia. Lakini jeki ya LINE ya miksa nyingi ni ya balansi. Yenyewe inaamini kwamba ncha na pete zimebeba sauti ileile, moja ikiwa imepinduliwa, na kazi yake ni kutoa pete kwenye ncha ili kelele zilizoingia njiani zijifute. Kwa hiyo miksa inachukua kushoto, inatoa kulia. Chochote kilicho sawa pande zote mbili kinakuwa sifuri. Na katikati ya wimbo huwa kuna nini? Mwimbaji, besi, teke la ngoma. Rivabu yake inapona kwa sababu rivabu ya stirio haifanani kushoto na kulia.

Tafuta kebo inayogawanyika: stirio ndogo upande mmoja, plagi mbili za mono upande wa pili, kila moja chaneli yake, au tumia chaneli ya stirio kama miksa inayo. Mwimbaji atafufuka.

#10 BinTarumbeta

Amefufuka. Sina la kusema. Nilishaanza kuilaumu laptopu.

#11 Mshika_Feda

Nimerudi na majibu, nilikuwa na mazoezi jana.

MIX ilikuwa 50% kweli. Ipo ndani ya menyu, ukurasa wa tatu, nisingeiona maisha yangu yote. Nimeweka 100, bomba limekwisha papo hapo. PRE/POST nako, kitufe kilikuwa kimebonyezwa ndani, na ni kidogo kiasi kwamba nimekitoa kwa ncha ya kalamu. Mzimu umeondoka.

Jaribio la mvumo: nilizima maiki zote, nikapandisha 11 na 12, na mvumo UMEKUJA. Hakuna maiki hata moja iliyo wazi na ukumbi unavuma. Niliogopa.

#12 mzeewamitambo

Safi, hilo ndilo nililotaka kusikia. Maiki zikiwa zimezimwa na bado inavuma, basi mzunguko uko ndani ya miksa yenyewe, hauna habari na spika wala jukwaa. Nenda chaneli ya 11 na 12, tazama nobu zao za AUX 3. Mojawapo iko wazi.

Rivabu inarudi kupitia 11 na 12, sivyo? Sasa kama AUX 3 ya chaneli ya 12 iko wazi, chaneli hiyo inaichukua rivabu na kuirudisha kwenye rivabu. Rivabu inairivabu rivabu. Inazunguka, na kila mzunguko inaongezeka. Inakua taratibu kwa sababu sauti lazima ipite kwenye mwangwi mrefu kabla haijarudi. Maiki ikilia mbele ya spika inaruka ghafla "piiii", lakini hii ya ndani huinuka kama mtu anayepuliza chupa. Ukishaizoea utaitambua ukiwa nje ya ukumbi.

Kanuni ninayowapa vijana wangu: chaneli inayorudisha rivabu, nobu yake ya AUX inayopeleka rivabu iwe sifuri, na ubandike kipande cha tepu juu yake ili mkono wa mtu usiifikie.

#13 Mshika_Feda

Ya chaneli 12 ilikuwa wazi robo. Ya 11 ilikuwa sifuri. Nimefunga, nimebandika tepu. Sasa napandisha feda mpaka juu, kimya.

#14 fundi_pedali

Na sisi tunaotumia pedali ya gitaa kama rivabu ya mwimbaji? Nimeiunga kwenye AUX kama jamaa, inakwaruza mbaya. Mwimbaji akiinua sauti inakuwa kama redio iliyopasuka.

#15 sautikavu

Pedali inategemea umeme mdogo wa pikapu (vinasa mtetemo) za gitaa. AUX ya miksa inatoa sauti ya kiwango cha laini, +4 dBu, hiyo ni karibu volti 1.23, na mtu akipiga kelele inapita hapo mbali. Umeimwagia ndoo ya maji kikombe. Shusha AUX MASTER hadi chini, kisha pandisha kidogo kidogo huku mwimbaji anaimba kwa nguvu zake zote, usitumie ile "helo helo" ya upole. Ikianza kukwaruza rudi nyuma. Pedali nyingi pia hazikai 100% WET mpaka uzungushe MIX mwisho kabisa, na nyingine hata ukifika mwisho zinavujisha sauti kavu isipokuwa uwashe kitu cha kuikata, mara nyingi ni swichi ya ndani au kushika vitufe wakati wa kuwasha. Soma kijitabu chake.

#16 mzeewamitambo

Niongeze hapo hapo, hata kwa wenye rivabu za raki. Nyuma huwa kuna swichi ndogo ya +4 na -10. Ile -10 dBV ni karibu volti 0.316, kwa hiyo tofauti kati ya hizo mbili inakaribia dB 12. Miksa ikipeleka +4 na rivabu imewekwa kusubiri -10, taa nyekundu ya CLIP (sauti imezidi) haitazimika. Kinyume chake, rivabu inapata sauti dhaifu, wewe unapandisha feda za kurudi ili uisikie, na kelele ya "shhhh" inapanda nayo. Wengi hulaumu rivabu kwamba ina kelele, kumbe wanailisha kijiko kimoja wanataka sahani ijae. Peleka sauti yenye nguvu, taa za kijani ziwake vizuri na za njano zichungulie kwenye vilele, halafu upande wa kurudi ndio uwe mdogo.

Kuna la usalama pia, na hili nimeona likiua kifaa cha mtu: rivabu irudi kwenye jeki ya LINE. Usiirudishe kwa XLR kwenye tundu la maiki wakati 48V imewashwa. Ule umeme ni wa maiki za kondensa. Ukiusukuma kwenye OUTPUT ya kifaa, siku nyingine kitavumilia, siku nyingine hakitavumilia.

#17 KeboNyeusi

Mzee, swali la kweli sasa, siyo utani. Yangu inanguruma "mmmmm" nzito muda wote hata kama hakuna anayeimba. Ipo hata nikishusha AUX 3 master.

#18 mzeewamitambo

Ikiwa ipo hata usipopeleka kitu, basi inaingia kwa kebo zenyewe au kwa umeme. Chomoa kebo ya INPUT ya rivabu tu. Mngurumo ukikoma, umeunganisha ardhi mbili: miksa ina ardhi yake kwa waya wa umeme, rivabu ina yake, na kebo ya sauti imezifunga kuwa duara. Duara hilo linaokota umeme wa nyumba, 50 Hz au 60 Hz kutegemea nchi, na watoto wake wa juu (100, 150 au 120, 180 na kuendelea). Ukizichomoa kebo zote za sauti na ukaacha moja ya kurudi tu, na bado inanguruma, shuku adapta.

Chomeka miksa na rivabu kwenye tundu moja la umeme, mara nyingi inatosha. Isipotosha, weka transfoma ya kutenganisha sauti katikati ya kebo, au DI box (kisanduku cha kuunganisha ala na miksa) yenye swichi ya kuinua ardhi, yaani kuikata kwenye kebo ya sauti. Usije ukavunja pini ya ardhi ya plagi ya umeme. Watu wanafanya, mngurumo unakoma, halafu siku moja mwimbaji anagusa maiki kwa mdomo akiwa ameshika gitaa, na hapo hatuzungumzii rivabu tena.

Na adapta uikague maandishi. Rivabu nyingi za zamani zinataka 9V ya AC, siyo DC. Plagi inaingia vizuri tu, volti ni zilezile, na kifaa hakiwaki au kinafanya vituko.

#19 mwana_X32

Kwa wenye miksa za dijitali mnaosoma huku mkijiona mmeponea: makosa ni yaleyale, yamehamia kwenye skrini tu. Kwenye X32 (miksa ya dijitali ya Behringer) ikiwa kwenye mpangilio wake wa kiwandani, FX (efekti za ndani) 1 hadi 4 zinalishwa na basi, yaani njia za ndani za kupeleka sauti, za 13 hadi 16, na zinarudi kwenye feda za FX RETURN. Rivabu isiposikika, asilimia kubwa ya simu ninazopigiwa ni kwamba FX RETURN imezimwa, au mtu aliita sini (mpangilio uliohifadhiwa) ya zamani ikaja na MUTE zake. Na msijaribu kutumia FX 5 hadi 8 kama rivabu ya kutuma na kurudisha, hizo ni za INSERT tu, yaani kuchomekwa ndani ya njia ya chaneli yenyewe.

#20 Mshika_Feda

Naona uzi umekua, asanteni. Swali dogo: hiyo Plate, Hall, Room ni nini hasa? Na je, nipunguze au niongeze nini? Mwimbaji anasema anapenda, lakini wasikilizaji wa nyuma wanasema maneno hayaeleweki.

#21 sautikavu

Hall ni kuiga ukumbi mkubwa, Room chumba. Plate ni kuiga bamba la chuma. Zamani kabla ya dijitali walikuwa wananing'iniza bamba kubwa la chuma ndani ya sanduku, wanalitikisa kwa sauti na kuokota mtetemo wake. EMT 140 ya Wajerumani, mwaka 1957, ilikuwa na uzito unaozidi kilo 200. Sasa wewe umeilaza juu ya sabufa, mshukuru Mungu. Plate inapendeza kwa waimbaji kwa sababu inaanza mara moja na haina kuta za kurudisha sauti moja moja.

Maneno kutoeleweka: kwanza ukumbi wenu una mwangwi wake, na huo huwezi kuuzima. Unapounda rivabu ya sekunde mbili na nusu ndani ya ukumbi ambao tayari una sekunde mbili, unapika uji. Shusha DECAY (muda wa mwangwi kufa) ifike sekunde 1.2 hadi 1.5. Pili, weka PRE-DELAY ya milisekunde 30 hivi, ili herufi za mwanzo za neno zitoke safi kabla mwangwi haujaanza. Tatu, na hili ndilo linafanya kazi kubwa kuliko yote, kata besi kwenye chaneli za 11 na 12. Bonyeza low cut (kitufe cha kukata besi), kisha ikwaliza ya chini ishushe. Rivabu ya besi haina faida kwa mtu yeyote, inajaza ukumbi ukungu. Kuna mazoea ya miaka mingi yanayohusishwa na studio ya Abbey Road, London, wanakata chini ya 600 Hz na juu ya 10 kHz kabla sauti haijaingia rivabu. Kwenye laivu mimi siendi mpaka 600, lakini wazo ni hilohilo.

Ndiyo maana mimi naipenda njia ya kurudisha kwenye chaneli kama ulivyofanya, badala ya zile jeki za AUX RETURN. Chaneli inakupa ikwaliza, feda na MUTE mkononi.

#22 mzeewamitambo

MUTE! Mtu akimaliza kuimba na kuanza kuhutubia, zima 11 na 12. Hotuba yenye rivabu inamfanya kila mtu asikike kama anatangaza kutoka pangoni.

Na ujue ukumbi mtupu si ukumbi uliojaa. Mwanafizikia Wallace Sabine alipopewa kazi ya kurekebisha chumba cha mihadhara pale Harvard, mwaka 1895, alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, usiku baada ya usiku, akipima sauti inachukua muda gani kufa. Chumba kitupu kilikuwa zaidi ya sekunde tano. Kila mto ulioingia ulimeza kidogo. Na watu ni mito inayotembea. Kwa hiyo rivabu uliyoipima saa za mchana ukiwa peke yako itapungua watu wakijaa. Usiiongeze mapema, subiri wimbo wa pili.

#23 Mshika_Feda

Wakuu, nimekuja na habari mbaya. Jana tulikuwa laivu. Wimbo wa kwanza na wa pili, raha tupu, mwimbaji alinigeukia akanyanyua dole gumba. Wimbo wa tatu, katikati ya kiitikio, rivabu ikakatika. Kimya cha sekunde tatu nne hivi. Kisha ikarudi, lakini ikarudi na LILE BOMBA. Nimeangalia PRE/POST iko sawa, tepu ya chaneli 12 ipo. Nimeshusha rivabu kabisa tukamaliza bila. Leo nimewasha nyumbani, haikatiki. Basi rivabu ni mbovu kweli?

#24 KeboNyeusi

Nilisema uza.

#25 mzeewamitambo

Subiri kwanza. Bomba likirudi maana yake MIX imerudi 50%. Nayo haiwezi kujizungusha. Ilipokatika na kurudi, ulitazama namba kwenye kioo cha rivabu? Ilikuwa 37?

#26 Mshika_Feda

Mzee umenifanya nikumbuke. Nilipoenda kuishusha, kioo kilisoma 01. Nilidhani kuna mtu kagusa.

#27 mzeewamitambo

Haijaguswa. Ilizima ikawaka upya. Ndiyo sekunde zako tatu nne. Na ilipowaka ilianza na programu ya kwanza yenye mpangilio wake wa kiwandani, MIX 50. Ulipobadilisha 37 kuwa 100%, ulibonyeza STORE ili ihifadhi?

Wimbo wa tatu ni upi? Una besi nzito kuliko miwili ya kwanza?

#28 Mshika_Feda

Sikubonyeza STORE. Sikujua kama kuna STORE.

Na ndiyo, wa tatu ndio ule unaoanza na besi peke yake, kila mtu anaujua, sabufa inatikisa mpaka glasi. 

Sabufa.

Ngoja nikaangalie.

#29 Mshika_Feda

Wakuu. Nimewasha mitambo, nimeilaza rivabu palepale juu ya sabufa, nikapiga ule wimbo kutoka kwenye simu kwa sauti ya ukumbini. Nikachuchumaa nyuma ya kifaa na tochi. Plagi ya adapta, ile nyembamba ya mviringo, inacheza ndani ya tundu lake kama jino linalotaka kung'oka. Kila noti ya chini inapopiga inatoka nusu milimita na kurudi. Baada ya kama dakika moja kioo kikazima, kikawaka, 01.

Nimeihamishia kwenye kiti pembeni, nimeifunga waya wa adapta kwa tepu kwenye mwili wa kifaa ukiwa na ulegevu kidogo ili uzito usivute plagi, nimeweka MIX 100 kwenye 37 na nimebonyeza STORE mara mbili kwa hasira. Nimezima, nimewasha: inasoma 37, na MIX iko 100. Nimepiga wimbo ule mara tatu mfululizo. Haijatetereka.

#30 KeboNyeusi

Kwa hiyo nilikuwa karibu. Uza sabufa.